Sita na Saba za Kopa

Mzee Gervas alifariki Jumanne, na Jumatano asubuhi nilikuwa Kibamba kabla turubai halijafungwa kamba zote. Nilimkuta mjane wake sebuleni, amekaa kwenye godoro chini, kanga mbili kichwani. Tukashikana, tukalia, kisha nikatoka nje kutafuta kiti chenye kivuli. Nilimpenda yule mzee. Alikuwa fundi wa meza na makabati, mkubwa wetu kwa umri kule Keko, na kati ya watu watatu tuliocheza karata zile mpaka mwisho yeye ndiye pekee ambaye hakuwa na ubaya na mtu. Nilikuwa bado najifuta macho nilipomwona mwenzetu wa tatu akija katikati ya viti vya plastiki, anachechemea kidogo, kofia mkononi. Sudi. Amekonda, ndevu zote nyeupe, meno ya mbele yamepungua. "Dada Somoe," akasema, "pole na msiba. Tumebaki wawili." Nikampa mkono kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Akakaa pembeni yangu bila kukaribishwa, akaagiza maji, akanifungulia chupa mwenyewe. Muda wote huo nilikuwa najisikiliza moyoni, kama chuki yangu bado ipo. Ilikuwepo, tena nzima kabisa.

Binti yangu huniambia nisamehe. Anasema yamepita miaka mingi, mama, utajipa presha bure. Presha ninayo, naimezea dawa asubuhi na jioni, na Sudi hahusiki nayo. Kusamehe nako kuna utaratibu wake: mtu anakuja, anasema nimekukosea, nawe unafikiri. Huyu hajaja. Kwa hiyo nimeuweka ule mwaka wote kama ulivyokuwa, na mchana ule chini ya turubai, wanakwaya wakipasha sauti upande wa pili wa ua, niliupitia tena kuanzia mwanzo.

Banda letu la Keko lilikuwa refu na jembamba. Uso wake ulitazama barabara na mgongo wake uliishia chooni. Tulikuwa mafundi wanane chini ya bati moja, kila mtu na kazi yake. Sudi alitengeneza sofa, mimi vitanda, na nilikuwa mwanamke peke yangu humo ndani, jambo ambalo wateja waliliona ajabu mpaka wanapoanza kuulizia bei. Sehemu ya barabarani tuliiita Mbele, na Mbele palitosha vitu vya fundi mmoja tu. Aliyekaa pale aliuza. Wateja wa Keko hawapendi kuingia ndani ya banda, wananunua mguu mmoja ukiwa bado kwenye gari, kwa hiyo wewe uliyeko Nyuma unaweza kuchonga kitanda cha kulaza rais na kikaliwa na mchwa palepale. Zamani watu waligombania Mbele kwa ngumi. Mwenye banda, Haji Mfaume, akachoka kuitwa kuamua, akasema tutafute njia yetu, ila asione damu wala pesa chini ya bati lake.

Njia tuliipata kwa Mzee Gervas. Alikuwa amepewa kazi ya kutengeneza meza za ukumbi mmoja wa kamari mjini, zile za mviringo zenye kitambaa cha kijani, na katika wiki za kuzifunga na kuzirekebisha wafanyakazi wa ukumbi walimfundisha mchezo wenyewe. Akarudi nao Keko. Kila mtu anapewa karata mbili anazozificha. Kisha zinafunuliwa mezani karata tano za wote, kwanza tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Katika hizo zote unatafuta tano bora: zinazofuatana kwa mstari, au tano za aina moja, au angalau jozi. Msipopata chochote, mnapimana kwa karata kubwa, ree ikiwa juu ya zote, chini yake mfalme, malkia na jeki. Badala ya pesa tulicheza na vipande vya mninga alivyovikata mwenyewe na kuvipiga msasa mpaka vikawa laini mkononi. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, tukishakula, tulikaa kucheza, na adhana ya alasiri ilipoanza ndiyo ilikuwa mwisho, kwa Waislamu na Wakristo wote. Mwenye vipande vingi alichukua Mbele kwa mwezi mzima, na ndiye aliyewapangia wenzake mahali pa kukaa. Mzee Gervas alikuwa mkali kwa jambo moja, hakutaka mtu amwage rundo mezani kuwatisha wenzake. Karata za mwanzo unaweka kipande kimoja, za mwisho viwili, na anayepandisha anapandisha kwa kiasi hichohicho. Ukitaka kummaliza mtu, ilibidi ummalize kidogo kidogo.

Mimi nilikuwa na karata zangu nilizozipenda. Ni zile mbili zinazofuatana na tena za aina moja, kama saba na nane za uru, au tisa na kumi za shupaza. Tuliziita mtu na mdogo wake. Tukiwa wanane zilikuwa karata tamu. Unaingia kwa kipande kimoja, watu watano au sita wanaingia nao, unakaa kimya, unatupa haraka kama hakuna dalili, na siku mstari wako unapokamilika kuna kundi zima la wanaume wenye wafalme wao na jozi zao, kila mmoja anakulipa akiamini unamdanganya. Nilikwenda Mbele mara mbili kwa karata za namna hiyo. Jumapili zile Mama Zainabu, aliyekuwa anatupikia kwenye kibaraza cha jirani, alituletea wali na kisamvu cha karanga kwenye sufuria moja kubwa, na mtu akishinda alimwongezea ukoko. Nilikula ukoko mwingi mwaka uliotangulia. Nilikuwa na chumba cha kupanga nyuma ya msikiti, dirisha moja, kitanda changu mwenyewe cha mkongo, na kabla ya kulala nilijihesabia jinsi nitakavyopata banda langu peke yangu.

Kisha ukaja mwaka ninaousimulia. Ulianza kwa alama za X. Tuliamka tukazikuta ukutani kwa rangi nyekundu, barabara inapanuliwa, na mwezi haukuisha tingatinga likala banda letu kuanzia usoni mpaka katikati. Mbele ilibaki, lakini ilisogea ndani. Watano walihama, wengine Buguruni, wengine Mbagala. Tukabaki watatu, mimi, Sudi na Mzee Gervas, chini ya nusu ya bati. Jumapili ya kwanza baada ya hapo tulikaa mezani kama kawaida, Mzee Gervas akachanganya karata kama kawaida, na mimi nikacheza kama kawaida. Hapo ndipo nilipoharibu. Nililetewa mtu na mdogo wake, nikaingia. Nikaletewa tena, nikaingia tena. Sikuwa nimeelewa kwamba nje ya ile meza ya wanane karata zangu zilikuwa zimeshuka thamani. Mstari wangu ulipokamilika, kulikuwa na mtu mmoja tu wa kunilipa, na alilipa kipande kimoja akatupa. Usipokamilika, ambayo ndiyo mara nyingi, nilifika karata ya mwisho mkononi nina saba na nane, sina hata jozi, na Sudi ananiwekea mfalme mtupu mezani na kuchukua vyote. Alinishinda na mfalme mtupu siku nzima. Adhana ilipoanza nilikuwa wa mwisho.

Sudi akachukua Mbele. Kwa Mzee Gervas akasema, "Shikamoo mzee, wewe kaa hapo katikati." Kwangu akanyoosha kidole tu. Nyuma, ukuta wa choo. Sikulalamika, sheria ni sheria, hata mimi nilishawahi kumpeleka mtu huko. Nikahamisha vitanda vyangu viwili na benchi langu, nikanunua dawa ya kumwaga asubuhi. Mwezi uliofuata nikapoteza vilevile, na uliofuata tena. Masika ilinikuta hukohuko Nyuma, maji yanapita chini ya benchi, mbao zimefura, vanishi haikauki. Mchana nilikula mihogo ya kuchemsha kwa chai, nikimwambia Mama Zainabu kwamba wali unaniletea uzito. Hakuuliza. Wakati mwingine aliweka dagaa pembeni ya mihogo akajifanya amesahau.

Yote hayo ningeyavumilia. Kilichonifanya nisivumilie ni kitanda. Kuna mama mmoja wa Msasani aliyekuwa anajenga nyumba ya wageni, na kabla ya bomoabomoa alikuja akapenda ubao wangu wa kichwani, nilioutia majani ya mkorosho, jani moja likilalia jingine, kazi ya patasi ndogo ambayo nilijifundisha mwenyewe na ambayo hapakuwa na mwingine Keko aliyeifanya. Alisema atarudi kuagiza vitanda vya vyumba vyote. Nilimngoja. Siku moja natoka Nyuma kwenda kununua gundi, nikakuta gari la mizigo limesimama Mbele, na vijana wanapakia vitanda. Majani ya mkorosho. Yamechongwa kwa pupa, ncha zimekatika, lakini ni yangu. Dereva akaniambia bila kujua ananiambia nini: bosi wake alikuja wiki kadhaa nyuma akimuulizia yule dada wa vitanda, akaambiwa na huyu fundi wa Mbele kwamba dada aliacha kazi, kaolewa, karudi kwao Masasi. Kwa hiyo kazi akapewa yeye.

Nikamfuata Sudi. Alikuwa anakula chapati, akaendelea kula.

"Mie nimeolewa lini, Sudi?"

"Dada, usinifanyie fujo mbele za wateja."

"Yule mama alinitafuta mie. Nilikuwa hapo Nyuma, hatua chache tu, unanisikia napiga msumeno."

"Mteja hana jina," akasema, akipangusa mafuta ya chapati kwenye kitambaa cha sofa. "Anayekaa Mbele ndiye mwenye mteja. Sheria si mnaijua wenyewe? Ishu yako ni karata, siyo mie. Cheza vizuri upate Mbele."

Mzee Gervas alimwambia hapohapo kwamba amekosea, tena kwa ukali, na Sudi akasema shikamoo mzee, akaendelea na chapati. Nilirudi kwenye benchi langu nikakaa. Sikushika patasi siku ile nisije nikajikata. Sikutaka kilio, sikutaka kesi kwa mjumbe. Nilitaka jambo moja na nililijua kwa uwazi ambao sijawahi kuujua katika jambo lolote jingine: nikae Mbele, na Sudi akae ukuta wa choo, na awe ananisikia nikizungumza na wateja.

Namna ya kumpata alinipa mwenyewe. Kati ya benchi langu na kibaraza cha Mama Zainabu palikuwa na ukuta wa plaiwudi tu, na wanaume wakila pale walisikika kama wako mezani kwangu. Siku moja nikiwa napiga msasa nilisikia jina langu, nikaacha. Sudi alikuwa anamsimulia mshona vitambaa wa sofa zake. "Yule dada namjua mpaka utumbo," alisema. "Anacheza na sie watatu kama vile bado tuko wanane. Anapendaga zile karata za mtu na mdogo wake. Akikaa mpaka mwisho, jua anangoja mstari, na mstari hauji. Mie hata nikiwa na mfalme mtupu simwogopi, nalipa tu mpaka mwisho, namkuta hana kitu." Yule mshona vitambaa akauliza je, siku akiwa na kitu? "Hawi na kitu," Sudi akasema, na nikasikia wanacheka, na Mama Zainabu akawaambia wamalize kula waondoke, kuna watu wanangoja viti.

Nilikaa na maneno yale siku nzima. Nikahesabu Jumapili zote za nyuma na kila alichosema kilikuwa kweli, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kicheko. Lakini jioni, nimekaa kitandani na sahani ya ugali mapajani, nikaona kitu alichokisahau. Mtu anayelipa mpaka mwisho na mfalme mtupu, kwa kuwa anaamini huna kitu, huyo unaweza kumwekea kitu. Nikanunua pakiti ya karata. Kila nilipotoka kazini nilijifungia, nikagawa mikono mitatu juu ya shuka, nikacheza ya kwangu, ya Sudi na ya Mzee Gervas. Nikagawa na kugawa. Nikajifunza kwa macho yangu kwamba watu wakiwa watatu, ree na karata yoyote nzuri pembeni yake ni mali, mfalme ni mali, jozi hata ndogo ni mali, na wale ndugu zangu wawili niliowapenda ni wa kutupwa. Iliniwia vigumu. Nilikuwa nawatupa shukani naona kama nafukuza wageni. Mpangaji wa chumba cha pili, Mama Chausiku, alichungulia pazia siku moja akaona nimezungukwa na karata nasema peke yangu. Kesho yake alinijia na shilingi chache kwenye kanga, anataka nimtazamie mume wake yuko wapi.

Jumapili iliyofuata nilikaa mezani nikacheza karata za watu wazima, lakini kwa sura ileile ya zamani. Nikipata ree na mfalme nilikunja uso kama ninayebahatisha. Nikagusa midomo, nikamtazama Mama Zainabu, nikaweka kipande polepole kama mtu anayeaga. Sudi akalipa. Karata ya mwisho ikafunuliwa, nikaweka viwili, akalipa tena akiwa anatabasamu, akafunua mfalme wake. Nikafunua ree. "Bahati," akasema. Akalipa tena, nikafunua tena. Siku ile nilimaliza wa pili, akaniacha palepale chooni, lakini nilikuwa na furaha ya kunitosha mwezi mzima. Mwezi wa pili nikamla zaidi, kidogo kidogo, kipande hiki na vile viwili, mpaka nikamwona anaanza kukuna shingo. Akashinda kwa kunusurika. Wakati tunakusanya vipande akaniambia, "Siku hizi ree zote zinakuja kwako, nani kakufundisha?" Nikamwambia nimeolewa Masasi, mume wangu ndiye anayenifundisha. Mzee Gervas alikohoa akageuka pembeni.

Mwezi wa tatu vuli ilikuwa imeanza. Mama Zainabu alipika pilau, sijui kwa nini, na nilikula kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nikala sahani nzima. Tulicheza chini ya bati mvua ikipiga, tukipandisha sauti kusikilizana. Sudi alianza vizuri. Alikuwa amebadilika, haniamini tena kuwa sina kitu. Nikiweka, anafikiri. Nikipandisha, anatazama vipande vyake. Nilimwachia hivyo, na kila nilipomlazimisha alipe mwishoni nilihakikisha nina ree ya kumwonyesha. Mchana ukasogea. Yeye alikuwa juu, mimi namfuata kwa karibu, Mzee Gervas wa mwisho na hana haraka. Mvua ikakatika. Mzee akagawa. Nikainua ncha za karata zangu, nikakuta sita na saba za kopa.

Nilikuwa nimezitupa karata za namna ile miezi mitatu mfululizo. Mkono ulikuwa unakwenda kuzitupa tena. Nikamtazama Sudi, ameinamia karata zake, mdomo umekazwa, na nikajua kwamba mtu huyu sasa ananiona mimi kama ree. Kwa mara ya kwanza mwaka ule karata nilizoshika hazikuwa na maana, cha maana ni zile alizodhani nimeshika. Nikaingia kwa kupandisha. Mzee Gervas akatupa. Sudi akalipa. Zikafunuliwa tatu: malkia ya pau, tano ya kopa, mbili ya kopa. Sudi akaweka haraka, nikajua amepata jozi ya malkia. Nikapandisha. Nilikuwa na kopa nne, ikija ya tano namkata kihalali, isipokuja basi nitamkata vingine. Akalipa. Ikafunuliwa ree ya uru. Nilivuta pumzi kidogo tu, kama mtu aliyekuta mlango wake uko wazi, nikaweka viwili. Sudi akaitazama ile ree. Akalipa, lakini kwa kidole, akivisukuma. Karata ya mwisho ikawa tisa ya shupaza. Sikuwa na kitu. Sikuwa hata na jozi ya mbili. Nikaweka viwili tena bila kufikiri, nikachukua kikombe cha chai nikanywa.

"Unayo," Sudi akasema.

Nikakiweka kikombe chini.

"Mie nimekulipa miezi yote hii, kila nikilipa unanionyesha ree. Sikulipi tena. Zinazokuja nitakupata." Akafunua malkia wake ili Mzee Gervas amwone alivyo na busara, akazitupa. Alikuwa ameona kuna muda wa kugawa tena. Mzee Gervas alikuwa ndiyo kwanza ananyoosha mkono kukusanya karata wakati muadhini alipojaribu kipaza sauti chake, akapuliza mara mbili, akaanza. Mzee akavihesabu vipande vyangu, akavihesabu vya Sudi, akarudia vya Sudi. "Somoe," akasema.

Desturi yetu ilikuwa karata ukishinda bila kulipwa huzionyeshi. Mzee Gervas aliisisitiza sana, aliona ni adabu. Siku ile nilimwomba radhi kwanza, nikasema shikamoo mzee, nisamehe, halafu nikazigeuza. Sita. Saba. Kopa mbili zisizo na kitu. Sudi aliziangalia, akaangalia zile tano za mezani, akatafuta mstari ambao haupo. Nilimwacha atafute. Nikamwambia, "Mtu na mdogo wake, Sudi, zile unazosemaga hazinipi kitu." Akaelewa kwamba nilisikia. Uso wake ulipobadilika niliutazama kwa makini, na nautazama mpaka leo nikitaka.

Nilimpangia palepale, ukuta wa choo. Nikampa Mzee Gervas nafasi mara mbili ya ile aliyokuwa nayo, nami nikatoka Mbele na vitanda vyangu vilivyofura. Wiki ya pili likaja gari la mizigo kutoka Msasani, dereva yuleyule, amekuja kumwagizia Sudi vitanda vya ghorofa ya juu. Akaniuliza yuko wapi. Nikamwambia kwa sauti ya kufika Nyuma kwamba fundi Sudi ameacha kazi, kaoa, karudi kwao. Nikamwonyesha ubao wangu. Msumeno wa Sudi ulinyamaza, lakini hakutoka, kwa sababu angetoka angesema nini? Mteja hana jina. Vitanda vyote vya ghorofa ya juu nilichonga mimi, na nilichonga majani yale polepole, kila ncha mahali pake. Mwezi mmoja alivumilia, akashindwa tena kwenye karata, akacheza kama mtu aliyelewa, analipa asipopaswa na kutupa asipopaswa. Baada ya hapo alikuja kuniaga. Alisema amepata banda Tandika, ila hana nauli ya guta la kuhamisha vitu. Mzee Gervas akaingiza mkono mfukoni. Nikamwambia hapana, mzee, acha. Nikaita guta mwenyewe, nikalipa mwenyewe, nikawasaidia kubeba sofa mbili na benchi lake, nikasimama Mbele mpaka lilipokata kona. Nilitaka aondoke Keko kwa pesa yangu. Nilitaka kila atakapokumbuka safari ile akumbuke na hilo.

Tuliporudi kutoka kumzika Mzee Gervas, chakula kikaletwa, wali na maharage na nyama kidogo, na vijana wa mtaa wakavuta viti karibu yetu. Kijana mmoja, mjukuu wa marehemu, akauliza ni kweli babu alikuwa anacheza karata Keko na mafundi wanagombea sehemu ya barabara? Sudi akacheka, akaweka sahani chini. Akaanza. Akasimulia banda, akasimulia vipande vya mninga, vizuri kabisa, ana kipaji. Kisha akasimulia kwamba alikuwa hashindiki. Alikaa Mbele mwaka mzima. "Mwishoni nikaona nimwachie dada yenu huyu," akasema, ananipiga bega. "Alikuwa na hali ngumu, ana vitanda haviuziki. Nikamwachia Mbele, mie nikahamia Tandika kutafuta nafasi kubwa zaidi. Maisha ni kusaidiana." Vijana wakaitikia, mmoja akasema huo ndio uungwana wa zamani. Mjane alikuwa ndani. Mzee Gervas alikuwa chini ya udongo wa Kibamba, na hapakuwa na mwingine duniani wa kusema neno.

Nikatafuna nilichokuwa natafuna, nikameza. "Sudi," nikasema, "hebu waambie hawa vijana. Guta lililokupeleka Tandika alilipa nani?"

Akanitazama. Mkono wake ulikuwa bado kwenye bega langu na nilisikia ukiwa mzito, halafu ukaondoka.

"Wewe," akasema, ameinamia sahani.

"Sema kwa sauti, braza. Walioko nyuma hawajasikia."

Akasema.